Pembe za Uhehe na Nakshi Isiyochongwa

Tosamaganga, kilima cha misheni karibu na mji wa Iringa, ina majirani wawili wanaoifanya mahali pazuri pa kuulizia swali la kale. Jirani wa kwanza ni Kalenga, mji wa boma wa Mkwawa, Mtwa yaani mtawala wa Uhehe, nchi ya Wahehe, uliovunjwa kwa mizinga ya Wajerumani mwaka 1894. Wa pili ni Isimila, korongo ambalo mafuriko yamelichimba hadi kufichua maelfu ya zana za mawe za watu walioishi hapo zaidi ya miaka 200,000 iliyopita. Kalenga ni ya karne ya 19, karne ya misafara, wakati pembe za ndovu zilipopita katika nyanda hizi zikielekea pwani mabegani mwa wapagazi. Swali lenyewe ni hili: nchi iliyoshika pembe nyingi kiasi hicho imekosaje mapokeo mashuhuri ya kuichonga au kuichora? Uhehe una vikapu, mikuki na vibuyu. Msanii wa pembe hatajwi.

Jibu jepesi limetolewa mara nyingi na wageni, na baadhi yetu tumelirithi bila kulipima: kwamba watu wa Nyanda za Juu Kusini walikuwa wakulima na wapiganaji, na mikono yao haikuzoea kazi ndogo ndogo za urembo. Jibu hili halisimami hata kwa ushahidi wa mlango wa jirani. Katika pango la Mlambalasi, mahali palepale Mkwawa alipomalizia maisha yake tarehe 19 Julai 1898, wachimbaji wa mambo ya kale wamepata shanga za maganda ya yai la mbuni zilizotengenezwa maelfu ya miaka kabla ya kuwapo Uhehe wowote. Shanga ya namna hiyo ina kazi yake. Ganda huvunjwa vipande, kila kipande hutobolewa katikati kwa ncha ya jiwe bila kupasuka, kisha kingo husagwa taratibu mpaka kipande kiwe duara lisilozidi upana wa ukucha wa kidole kidogo. Magubike, pango jingine la Iringa, nalo limetoa shanga za aina hiyo, nyingine za kale zaidi. Ukiteremka upande wa Mbeya utawakuta wanawake Wakisi wa pwani ya Ziwa Nyasa, ambao vyungu vyao vinatafutwa mbali na nyumbani kwao, na juu ya milima inayolikabili ziwa utawakuta Wakinga waliosifika kwa uhunzi. Mikono ilikuwepo, tena mahiri. Kilichokosekana ni ruhusa ya kuigusa pembe.

Hoja yangu ni kwamba ufundi wa watu wa kawaida huota kwenye kitu ambacho bei haijakifikia, au kwenye kitu ambacho kuna mamlaka ya kukikinga na bei. Pembe ya Uhehe haikuwa na sifa hata moja kati ya hizo mbili. Ili kuona jinsi kanuni hii inavyofanya kazi inafaa tutoke kwanza milimani twende baharini, kwa mabaharia wa Marekani waliowinda nyangumi karne hiyohiyo ya 19 na kuacha sanaa iitwayo skrimsho: michoro iliyokwaruzwa juu ya meno na mifupa ya nyangumi.

Safari ya meli ya nyangumi kutoka Nantucket au New Bedford iliweza kuchukua miaka mitatu au minne, na siku nyingi zilipita bila mnyama kuonekana. Baharia alichukua jino, akalikwangua matuta yake kwa kisu, akalisugua kwa ngozi kavu ya papa mpaka likawa laini. Kisha kwa ncha ya kisu au sindano ya kushonea matanga alikwaruza mstari mmoja mmoja: meli, mlingoti, wimbi, mkia wa nyangumi ukichomoza majini. Michirizi ilikuwa myembamba mno kiasi cha kutoonekana, hadi alipoipaka masizi ya taa na kuifuta juu kwa kitambaa. Masizi yalibaki ndani ya mikwaruzo tu, na picha ikajitokeza nyeusi juu ya weupe. Mmoja wa wachoraji wanaojulikana kwa majina ni Frederick Myrick, baharia wa meli Susan ya Nantucket, ambaye miaka ya 1828 na 1829 alichora meno kadhaa ya namna hiyo akayatia jina la meli na tarehe. Hakuwa msanii wa kulipwa. Alikuwa mtu wa kasia na kamba, mwenye jino mkononi na muda wa kupoteza.

Jino hilo lilimfikiaje? Tajiri wa meli alitaka mafuta, hasa yale ya kichwani mwa nyangumi yaliyotengenezwa mishumaa bora, na kutoka kwa aina nyingine za nyangumi alitaka zile bamba za mdomoni zilizokaza nguo za wanawake wa Ulaya. Taya la chini la nyangumi mmoja wa mafuta hayo ya kichwani lina meno yapatayo 40 hadi 50, nayo hayakuwa na soko la maana bandarini. Lakini haikuwa hivyo siku zote, na hapa ndipo ushahidi unapokuwa mtamu. Mwanzoni mwa karne hiyo meno ya nyangumi yalikuwa mali kubwa katika visiwa vya Pasifiki, ambako wafanyabiashara waliyabadilisha kwa sandali ya kupeleka China, na walioijua siri hiyo waliitunza. Mwaka 1815 nahodha David Porter wa jeshi la maji la Marekani alichapisha kitabu cha safari yake akaeleza biashara hiyo waziwazi. Wengi wakakimbilia, meno yakajaa visiwani, thamani yake ikashuka. Ni baada ya hapo ndipo michoro juu ya meno ilipoanza kuenea melini. Jino lilipokuwa fedha, hakuna aliyelichora. Lilipoacha kuwa fedha, likawa ubao wa baharia.

Sasa turudi kwenye pembe ya ndovu, ambayo ilikwenda njia iliyo kinyume kabisa. Mwaka 1833 Sayyid Said wa Oman na Zanzibar alitia saini mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 balozi mdogo wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, akafika Zanzibar. Waters alikuwa mtu wa Salem, mji wa Massachusetts, jimbo lilelile la mabaharia wa nyangumi. Meli za Salem zilileta kitambaa cha pamba ambacho mpaka leo wazee wanakiita merikani, zikarudi na pembe, sandarusi na karafuu. Abdul Sheriff, mwanahistoria wa Zanzibar, ameonyesha jinsi bei ya frasila moja ya pembe, yaani kilo 16 hivi, ilivyopanda kutoka reale takriban 22 miaka ya 1820 hadi kukaribia 89 mwaka 1873, huku bei ya merikani ikikosa kupanda kwa kasi hiyo. Kwa mtu wa bara maana yake ni kwamba pembe ileile ilileta nguo nyingi zaidi, baruti nyingi zaidi na bunduki nyingi zaidi kila muongo uliopita. Jino la nyangumi lilishuka thamani katika miaka ambayo pembe ya ndovu ilizidi kupaa.

Tena haikuwa bei tu. Pembe ya Afrika Mashariki ilipendwa kwa sababu ya ulaini wake: ilikatika kwa msumeno bila kupasuka, ikabaki nyeupe. Sifa hizo ndizo zilizotakiwa na viwanda vya Deep River na Ivoryton katika jimbo la Connecticut, vilivyopasua pembe kuwa vibamba vyembamba vya kufunikia vidole vya piano, na kabla ya hapo vitana. Mnunuzi wa Zanzibar aliipima pembe kwa uzito, urefu, uzima wa ncha na kukosa nyufa. Mkwaruzo wowote ulikuwa dosari. Mchongaji wa bara ambaye angeipamba pembe kwa mistari mizuri kupita kiasi angekuwa amempunguzia bwana wake bei, maana msumeno wa Connecticut ulihitaji ubapa safi.

Na bwana alikuwepo. Katika nchi nyingi za bara ilikuwa sheria kwamba ndovu akianguka, pembe moja au zote mbili ni za mtawala. Kabla ya nusu ya pili ya karne ya 19 Uhehe ulikuwa mkusanyiko wa himaya ndogo ndogo. Munyigumba aliziunganisha, na baada ya kifo chake, yapata mwaka 1879, mwanawe Mkwawa alishika madaraka kwa vita na akageuza Kalenga kuwa mji wenye ukuta. Dola la namna hiyo lilikula kwa ng'ombe, mateka, ushuru wa misafara na pembe. Wahehe walipolimaliza jeshi la Mjerumani Emil von Zelewski pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, mikuki ndiyo iliyofanya kazi kubwa, lakini bunduki zilizotekwa siku hiyo zilihitaji baruti, na baruti ilitoka pwani kwa njia ya biashara. Kalenga ilipoanguka Oktoba 1894, Wajerumani walikuta humo akiba ya baruti na ya pembe. Ukiziangalia akiba hizo mbili kama kitu kimoja, siasa ya Mkwawa inaeleweka vizuri zaidi: pembe ilikuwa baruti iliyosubiri kubadilishwa. Kumpa fundi pembe ili aijaribie patasi ingekuwa sawa na kumpa pipa la baruti aliwashe apate mwanga wa kusukia kikapu.

Baada ya Mkwawa hali haikubadilika kwa fundi. Alibadilika mwenye mali tu. Mwaka 1896 gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya kuhifadhi wanyama katika koloni la Kijerumani, na uwindaji wa ndovu ukaanza kuhitaji leseni. Waingereza walipochukua Tanganyika waliendelea na leseni na ghala la serikali, na pembe zikapigwa mnada Dar es Salaam. Katika miaka hiyohiyo ya mwisho ya karne ya 19 Wabenediktini Wajerumani walikuwa wameingia Uhehe na kuweka misheni Tosamaganga. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza walirithiwa na Wamisionari wa Konsolata kutoka Italia, waliofika Iringa mwaka 1919, na mwaka 1922 Iringa ikawa prefektura ya kitume. Kwenye kilima hiki palijengwa kanisa, shule na nyumba za masista, na kazi kubwa ya mikono ikawa tofali la kuchoma na mbao. Msomaji aone mpangilio: misheni ilifika pembe ikiwa tayari imetoka mikononi mwa Mtwa na kuingia mikononi mwa serikali. Hakuna siku, hata moja, ambapo ilipita kwa raia mwenye kisu na nafasi.

Pingamizi la kwanza, na ndilo zito kuliko yote, linatoka kwetu wenyewe. Lamu imehifadhi siwa ya Pate, baragumu la pembe lenye urefu wa mita 2 hivi, lililochongwa karne ya 17 au kando yake, na wachongaji wake hawakungoja pembe ikose bei. Pwani iliuza pembe ng'ambo tangu zamani za kale. Vilevile Walega wa mashariki ya Kongo walichonga sanamu ndogo za pembe na kuzing'arisha kwa mafuta, na nchi yao iliguswa na misafara ya Waswahili na Waarabu kama nchi nyingine zote za huko. Basi nadharia ya bei imeanguka? Sidhani. Siwa ilikuwa mali ya utawala wa mji. Ililia kwenye harusi na shughuli za koo kubwa, na hakuna mtu binafsi aliyeweza kuipeleka sokoni. Sanamu za Walega zilikuwa za chama cha bwami, na za pembe zilikuwa haki ya wazee wa daraja la juu kabisa. Kote kuwili kulikuwa na mamlaka ya kale iliyoweza kusema kwamba pembe hii haiuzwi, ikasikilizwa. Dola la Wahehe lilikuwa changa. Kati ya Munyigumba kuunganisha nchi na Kalenga kuanguka hapakutosha hata umri wa mtu mmoja, na sehemu kubwa ya muda huo ilikwenda katika vita na Wasangu, Wangoni na hatimaye Wajerumani. Mamlaka iliyo vitani haina pembe ya kuweka kando.

Pingamizi la pili linatoka upande wa pili wa bara. Katika pwani ya Loango, kwenye Atlantiki, mafundi wa karne ya 19 walichonga pembe nzima kwa misururu ya watu inayozunguka kama ngazi, wakawauzia Wazungu. Hapo soko liliamsha nakshi badala ya kuiua. Ni kweli, na inanilazimu kuinoa hoja yangu. Soko la Loango lilikuwa na wanunuzi waliosimama ufukweni wakitaka kumbukumbu ya kurudi nayo nyumbani, na walilipia kazi ya mkono. Soko la Zanzibar lililipia malighafi, na mnunuzi wa mwisho, yule wa piano, alikuwa maelfu ya maili mbali na hakujua hata jina la Uhehe. Kinachoua ufundi ni bei ya kitu kibichi inayozidi bei ya kazi. Palipo na mtu wa kulipia kazi, hesabu inageuka.

Wapo pia watakaosema kwamba huenda nakshi zilikuwepo zikaungua Kalenga au zikabebwa Ulaya. Siwezi kuapa kwamba hakuna Mhehe aliyewahi kuchonga bangili ya pembe. Wanyamwezi walizivaa, na mitindo husafiri. Lakini ufundi wenye mizizi hauishi ikulu peke yake. Huacha wanagenzi, zana, majina na kazi mbovu za wanaojifunza, na moto wa boma moja hauwezi kufuta yote hayo katika nchi nzima. Mikuki ya Wahehe ilitekwa kwa wingi na bado inakumbukwa. Kuhusu hoja kwamba baharia alikuwa na muda na mkulima hakuwa nao, mtu yeyote anayezijua nyanda hizi anajua miezi ya kiangazi baada ya mavuno. Muda unaeleza lini mtu atachonga. Hauelezi atachonga nini.

Jibu la atachonga nini linaonekana sokoni Iringa mpaka leo. Wanawake wa Kihehe husuka vikapu vya milulu, majani marefu yanayoota sehemu za majimaji, ambayo hukatwa, hukaushwa, kisha hupindwa na kufungwa kwa mkono mpaka kikapu kisimame chenyewe bila fremu. Mshono ukiwa mzuri, vidole haviwezi kuhisi mahali safu moja ilipoishia na nyingine ilipoanzia. Milulu haikuwahi kudaiwa ushuru na Mtwa, haikuandikiwa leseni na gavana, na hakuna aliyeibeba mpaka Bagamoyo kubadilisha kwa baruti. Ilikuwa ya aliyeinama kuikata, na kwa kuwa ilikuwa yake, alikuwa na uhuru wa kuikosea akajifunza. Wakamba wa Kenya wanathibitisha jambo hilohilo kwa njia nyingine. Walikuwa wafanyabiashara hodari wa pembe katika karne ya 19, lakini biashara ya vinyago iliyowapa jina duniani ni ya mti, na ilikua baada ya Vita Kuu ya Kwanza, pale Mutisya Munge wa Wamunyu alipoanza kuchonga kwa ajili ya kuuza, inavyosimuliwa kwa kuiga aliyoyaona Tanganyika wakati wa vita. Pembe ilikuwa imekwisha kuondoka mikononi mwao. Mti ulibaki.

Hakuna sababu ya kusikitika kwamba nafasi ya kuchonga pembe imepita. Oktoba 1989 mataifa yaliyokutana Lausanne yalikubali kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa walioipigania, mwaka uleule wa Operesheni Uhai dhidi ya majangili. Hata hivyo sensa za wanyamapori zilionyesha ndovu wa Tanzania wakishuka kutoka karibu 109,000 mwaka 2009 hadi karibu 43,000 mwaka 2014, na mfumo ikolojia wa Ruaha, upande uleule wa Iringa, ni kati ya sehemu zilizoumia sana. Skrimsho nayo imefungiwa mlango: tangu sheria za Marekani za mwaka 1972 na 1973 za kulinda wanyama wa baharini na viumbe walio hatarini, anayetaka kuchora kwa mtindo wa Myrick hutumia mfupa wa ng'ombe au plastiki.

Kilichobaki ni suala la namna tunavyosimulia. Jumba la makumbusho katika Boma la zamani la Wajerumani mjini Iringa, lililofunguliwa mwaka 2016, na lile la Kalenga linalohifadhi fuvu la Mkwawa lililorudishwa mwaka 1954, yote huvutia wageni kwa habari za vita na za mtawala. Ni haki yao. Ila wanaopanga maonyesho hayo, na walimu wanaowapeleka wanafunzi kutoka Tosamaganga na kwingineko, wangefanya jambo jema kuuweka mkuki, kibuyu na kikapu cha milulu mbele kabisa, na pembeni yake kuandika kwa herufi kubwa pembe zilikwenda wapi, kwa bei gani, na kwa mkono wa nani. Mwanafunzi akisoma hayo atajua kwa nini babu yake hakuacha pembe iliyochorwa, na hatadhani tena kwamba ni kwa sababu hakuweza.